Mfupa wa Ng'ombe, Kosa la Ndovu

Ujumbe uliingia shangazi akiwa na mkasi mkononi, anakata kamba ya kufungia kifurushi cha Posta.

Simu yake ilikuwa mezani kando ya sahani ya mahamri, na mimi ndiye niliyekuwa karibu nayo. Mlio ule tumeuzoea kwa heri: mteja kauliza bei, au mtu wa mbali kaacha nyota tano. Nikausoma kimya. Nikarudia. Ulisema tangazo la bangili zake limeondolewa kwa kukiuka kanuni za soko kuhusu wanyama walio hatarini kutoweka, na kwamba akirudia, akaunti itafungwa. Aina ya kosa ilikuwa kwa herufi nyekundu: pembe za ndovu.

"Wasemaje?"

"Wanasema wauza pembe za ndovu, shangazi."

Alicheka. Alicheka hadi akauweka mkasi chini. "Ndovu nimemuona wapi mimi? Hata Shimba Hills sijafika!"

Kisha akavaa miwani, akaichukua simu mwenyewe. Tukiwa tunatazama, tangazo la vitana nalo likatoweka. Halafu vijiko vya saladi. Halafu hereni. Kila kilichoandikwa "mfupa" kilikwenda, na maoni ya wateja yaliyokuwa chini yake yakaenda nacho, mengine ya miaka.

Hakucheka tena.

Soko lenyewe silitaji. Wauzaji wenzangu walio kwenye masoko mengine ya mtandaoni wameniambia visa vinavyofanana na hiki, na kulitaja moja itakuwa kuyasafisha mengine. Isitoshe, kukosea kwa mashine nimekuzoea. Hata benki hunitumia ujumbe wa mtu mwingine. Hapa palikuwa na kitu kingine kilichonikera, na kwa wiki kadhaa nilishindwa kukitaja ni nini hasa.

Magongo, nyuma ya karakana

Shangazi anaishi Kibokoni, Mji wa Kale. Hachongi. Hununua vipande kwa fundi wa Magongo, mzee aliyetoka Ukambani akiwa kijana, kisha shangazi huvitunga na shanga na shaba akiwa amekaa sebuleni kwake. Mimi napiga picha na kuandika maelezo. Ndiyo biashara yote hiyo.

Nimekaa kwa fundi yule mara nyingi. Kibanda chake kiko nyuma ya karakana ya magari, na pua hukifikia kabla ya macho. Mifupa ya miguu ya ng'ombe huja kwenye gunia kutoka machinjioni, ingali na vinofu. Huchemshwa kwenye pipa kwa sabuni ya unga, maji yakamwagwa, ikachemshwa tena, kwa sababu mfupa uliobaki na mafuta utageuka manjano ukiwa tayari mkononi mwa mteja. Ikikauka hulazwa kwenye dawa ya kupaushia, haidrojeni peroksaidi, kisha juani. Halafu huja jiliwa na msumeno wa chuma, na hapo ndipo harufu inapobadilika ikawa ya ukucha ulioungua, na vumbi jeupe likajaa kwenye nyusi za mzee. Baada ya msumeno ni msasa, wa kwanza mkali, wa mwisho laini unaotumiwa na maji. Akitaka nakshi nyeusi, huchora kwa nta ya mshumaa, akatumbukiza kipande kwenye rangi, kisha akaiyeyusha nta. Palipokuwa na nta hubaki peupe.

Kuna jambo moja aliniambia zamani, nami sikulitilia maanani wakati ule. Mfupa wa mguu wa ng'ombe una uwazi katikati, pale uboho ulipokaa, na upana wake hautoshi kupitisha mkono wa mtu mzima. Kwa hiyo bangili ya mfupa haiwi kipande kimoja. Ni vibao vidogo vilivyopindwa kwa msasa, vikaungwa juu ya ukanda wa shaba kwa misumari isiyozidi unene wa sindano. Ukiona bangili nene, nyeupe, ya duara moja bila kiungo, mzee alisema, hiyo haikutoka kwa ng'ombe.

Bangili za shangazi zina viungo. Vinaonekana kwenye picha tulizoweka.

Kanuni yenyewe hatugombani nayo

Hakuna atakayenisikia nikisema masoko yaache pembe ziuzwe. Tuliokulia nchi hii tumeziona zikichomwa, mwaka 1989 na tena Aprili 2016, tani 105 mara moja katika Mbuga ya Nairobi. Na sisi wa Mombasa hatuna haja ya kuhadithiwa, maana bandari yetu imetajwa kwenye kesi za pembe mpaka imekuwa aibu.

Ndiyo maana maneno yale mekundu yalikuwa mazito. Picha yako ikiondolewa kwa kuwa na ukungu, utanung'unika. Ukiambiwa unauza pembe za ndovu Kenya, umeambiwa umetenda jinai. Sheria ya wanyamapori ya 2013, kifungu cha 92, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Shangazi hakuijua sheria kwa nambari, ila aliujua uzito wake. Usiku ule aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka aonekane anatania, kama jambo hili laweza kufika polisi.

Nikasema hapana. Sikuwa na hakika.

Wasomaji wa hapa mtakumbuka kesi ya Tudor, ile ya pembe za takriban tani mbili zilizonaswa mwaka 2014. Mtu alihukumiwa miaka 20 mwaka 2016, na mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa hapa Mombasa ikaitengua hukumu. Watu wana maoni yao kuhusu kesi ile na mimi nina yangu, tuyaache. Ninalolitaka ni hili tu: mshitakiwa alisomewa kosa, mashahidi wakasimama mbele yake, na jaji alipoitengua hukumu aliandika kasoro alizoziona, mtu yeyote azisome. Najua silinganishi vitu vya uzito mmoja. Lakini shangazi angeridhika na robo ya hayo. Angeambiwa hata ni picha ipi iliyomponza.

Mapembe

Kwa kuwa hatukuambiwa sababu, tulibaki kubuni.

Kwenye duka la shangazi la mtandaoni, juu kabisa, kulikuwa na picha ya Mapembe ya Moi Avenue. Aliichagua mwenyewe. Sasa niambieni, mashine iliyofunzwa kutafuta pembe za ndovu ikikutana na jozi mbili za pembe zinazovuka barabara nzima, na magari yakipita chini yake, itafikiri nini? Yale ni madude ya aluminiamu yaliyowekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kina binti mfalme wa Uingereza, na kila mtalii anayeshuka mjini hupiga picha chini yake. Mashine haijashuka mjini.

Nikamshauri aitoe.

"Mombasa bila Mapembe ni wapi?" akauliza. Picha ikabaki. Mpaka leo sijui kama ilichangia lolote, na huenda nimeionea bure.

Lakini tazameni jinsi kutoambiwa sababu kunavyomfanya mtu. Tulianza kuogopa kila kitu. Je, ni neno "asili"? Ni rangi ya maziwa ya vibao? Ni kwa sababu kifurushi kinatoka Kenya? Kuna mshindani aliyebonyeza kitufe cha kuripoti? Mfanyabiashara asiyejua kosa lake hujirekebisha pasipo na kosa, na palipo na tatizo, kama lipo, pakabaki vile vile.

Jibu kabla chai haijapoa

Kulikuwa na fomu ya rufaa. Unachagua sababu kutoka orodha fupi, na hakuna hata moja inayosema "hamkuangalia vizuri." Kisha kuna kisanduku cha maelezo kinachokatika ukifika katikati ya sentensi. Nikaandika kwamba ni mfupa wa ng'ombe, umechongwa kwa mkono Mombasa, na si pembe. Nikatuma.

Jibu lilikuja chai yangu ikiwa bado ya moto. Walisema wamepitia rufaa yetu kwa makini na uamuzi unabaki.

Kwa makini! Kama kuna binadamu aliyefanya kazi ile ndani ya muda ule, basi nampa heko zake na namwonea huruma.

Baadaye, hasira zilipopungua, nilianza kuelewa ukubwa wa kitu tunachopambana nacho. Machi 2018, mashirika ya kulinda wanyamapori, WWF, TRAFFIC na IFAW, yaliunda muungano na kampuni 21 za mtandao, zikiwa na lengo la kupunguza biashara haramu ya wanyamapori mitandaoni kwa asilimia 80 kufikia 2020. Kufikia 2021 kampuni za muungano huo ziliripoti kuondoa au kuzuia matangazo zaidi ya milioni 11. Hakuna jengo la watu linaloweza kusoma matangazo hayo moja moja. Lazima mashine isome, iangalie umbo, rangi na maneno, ikate shauri. Na mashine nzuri sana, inayokosea mara moja tu katika mia, kwa hesabu ya milioni 11 imewakosea watu zaidi ya laki moja.

Shangazi ni mmoja katika laki. Kwa anayeangalia jedwali kutoka juu, hapo hakuna habari.

Maneno yetu vinywani mwa wezi

Katika kundi la WhatsApp la wauzaji, nasaha zilimiminika. Nyingi zilikuwa moja: futa neno mfupa. Andika "nyenzo asilia." Andika "mapambo ya Kiafrika, meupe." Mmoja alisema yeye huandika "resini" na hajawahi kusumbuliwa, ingawa anachouza ni pembe ya ng'ombe, na resini hajawahi kuishika.

Nilivutiwa. Ni maneno tu, nikajiambia, na kitu ni kile kile.

Shangazi akakataa katakata. Wateja wake wa kwanza walikuwa majirani, na miongoni mwao wamo Wahindu. Kwao mfupa wa ng'ombe si jambo la kumfichia mtu halafu akagundua akiwa ameuvaa hekaluni. "Anayenunua kwangu ajue anavaa nini," alisema, na mjadala ukafungwa kama kawaida yake, kwa kuinuka na kwenda jikoni.

Nikaenda kusoma, nikitafuta hoja ya kumshinda. Badala yake nikakutana na kilichonishinda mimi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, wamechunguza kwa miaka jinsi pembe za ndovu zinavyouzwa kwenye masoko ya mtandaoni yanayozipiga marufuku. Muuzaji haandiki "pembe." Anatumia maneno ya siri ambayo mnunuzi anayajua. Na katika maneno hayo, mojawapo ni mfupa wa ng'ombe.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima.

Ina maana maelezo yetu, yaliyo ya kweli neno kwa neno, ndiyo buibui wanalojifunikia wale wanaosakwa. Mashine iliyoona kitu cheupe, kilichochongwa, kikitoka Kenya, kikiwa na maelezo "mfupa wa ng'ombe," haikuwa imerukwa na akili. Ilikuwa na sababu ya kushuku. Hasira yangu ikakosa pa kusimama. Nilikuwa nimejiandaa kuandika makala ya kulaani, na ghafla adui yangu alikuwa na hoja.

Ukimwamini kila anayesema mfupa wa ng'ombe, wauza pembe watapita mlango wazi. Usipomwamini yeyote, fundi wa Magongo afunge kibanda. Na sisi waaminifu tukihamia kwenye "nyenzo asilia," tutakuwa tumejiunga na wezi katika kuficha, na mwakani mashine itafunzwa kushuku nyenzo asilia. Tutahama tena. Watatufuata tena. Mnunuzi ndiye atakayebaki hajui amevaa nini.

Sasa nilitaka nini basi?

Jibu nililipata Posta ya Digo Road, na sikulipata kwa kufikiri. Tulikuwa tumepeleka kifurushi cha mteja aliyelipa kabla ya mambo kuharibika. Kijana wa kaunta alikifungua kama wanavyofanya, akatoa bangili, akaishika kwa vidole viwili. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Hii ni nini, mama?"

"Mfupa wa ng'ombe, mwanangu."

Akaigeuza. Akapitisha ukucha kwenye kiungo, akasikia ule ukwaru wa shaba. Akamwita mwenzake mwenye umri mkubwa zaidi, wakaiinua kwenye mwanga wa dirisha, mwenzake akasema kitu kuhusu viungo, wakairudisha kwenye kisanduku chake na kumshukuru shangazi kwa subira. Mambo ya dakika chache. Watu wa foleni nyuma yetu walikuwa wameshaanza kuguna.

Kijana yule naye alishuku. Alishuku kitu kile kile, kwa sababu zile zile. Tofauti yake na mashine ni kwamba shaka ilimfanya aulize.

Basi ndicho kilichokuwa kinanikera wiki zote zile. Hatukuulizwa. Hukumu ilitangulia, nafasi ya kusema ikaja baadaye, ikiwa imebanwa kwenye kisanduku kinachokatika katikati ya sentensi.

Vitundu

Nikarudi Magongo na swali moja: ningethibitishaje, kwa picha tu, kwa mtu asiyeweza kushika?

Mzee alichukua kipande kilichovunjika, akakilowesha mate (samahani kwa wenye kinyaa), akakisogeza juani. "Angalia hivyo vitundu." Nikaona madoa madogo sana, mengine kama mikwaruzo mifupi iliyolala upande mmoja. Hiyo ndiyo mifereji iliyopitisha mishipa ya damu mfupa ulipokuwa hai. Pembe ya ndovu haina. Ni jino, na ukilikata kwa upana na kulipiga msasa utaona mistari myembamba inayopishana kama wavu, ambayo wataalamu huiita mistari ya Schreger. Kwa ndovu wa leo, mistari hiyo ya upande wa nje hupishana kwa mkato mpana, kwa kawaida zaidi ya nyuzi 115. Kwa mamothi, yule aliyetoweka zamani, ni chini ya 90. Haya yote yamo kwenye mwongozo wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa kutambua pembe na vifananishi vyake, unapatikana bure mtandaoni, una picha, na ninausifu kwa yeyote anayeuza kitu cheupe.

Ila kuna kikwazo. Mfupa uliopaushwa vizuri huficha vitundu, maana kinachovifanya vionekane ni uchafu mweusi uliobaki ndani yake. Kadiri fundi anavyokuwa stadi, ndivyo ushahidi wake unavyofifia. Ilibidi tutafute bangili zilizokuwa na kasoro, zile ambazo shangazi alikuwa amezitenga za kuwapa watoto.

Niliweka kioo cha kukuzia mbele ya kamera ya simu nikapiga. Nikapiga na viungo vya shaba kwa ndani, na mfupa mzima uliokatwa, uwazi wa uboho ukionekana, rula ikiwa kando yake. Nikamrekodi mzee akikata. Karani wa machinjioni alitupa risiti ya mifupa, akishangaa kwamba kuna mtu duniani anayetaka risiti ya mifupa.

Rufaa hii haikupitia fomu tu. Nilitafuta anwani ya msaada kwa wauzaji, nikaandika kwa Kiingereza kifupi, tangazo moja kwa barua moja. Sikulalamika wala kusimulia habari za familia. Niliandika kinachoonekana kwenye kila picha na kwa nini hakiwezi kuonekana kwenye pembe, na mwishoni nikaomba isomwe na mtu.

Kwa walio kwenye shida hii sasa hivi, nawaomba jambo moja zaidi: msiliweke upya tangazo lililoondolewa kabla rufaa haijaamuliwa. Najua kishawishi chake, hasa oda zikiwa zinasubiri. Lakini mfumo utalihesabu kuwa kosa la pili, na akaunti ikifungwa hutakuwa hata na mahali pa kuandikia rufaa. Na leo, kabla hamjapatwa na lolote, hifadhini picha, maelezo na skrinshoti za maoni ya wateja nje ya soko. Sisi tulikuwa na picha. Maelezo ilibidi niyaandike upya kwa kukumbuka.

Mnunuzi wa Hamburg, muuzaji wa Kibokoni

Wanunuzi wetu wengi wako Ulaya. Huko kuna sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024. Inalitaka soko, likiondoa kitu cha mtu, limpe sababu zilizo wazi, limwambie kama mashine ndiyo iliyotumika, na limpe angalau miezi sita ya kulalamika bila malipo. Na malalamiko hayo hayaruhusiwi kuamuliwa na mashine peke yake. Nilipoisoma nilisimama, nikazunguka chumba.

Kisha nikafika kwenye anayelindwa: aliye ndani ya Umoja huo. Angekuwa muuzaji wa Hamburg anauza bangili hizi hizi, za fundi huyu huyu, soko lingelazimika kumweleza. Shangazi wa Kibokoni hutegemea hisani.

Lakini hatuko uchi kabisa. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake iwapo unamgusa kwa kiasi kikubwa. Ukifanywa, anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, na ana haki ya kuomba uangaliwe upya au uamuliwe tena na si mashine pekee. Ina vighairi, mikataba ikiwemo, na kampuni yenye wanasheria itavishika kwa mikono miwili. Hata hivyo sheria hiyo inazifikia pia kampuni za nje zinazoshughulikia data za watu walio Kenya. Wauzaji wangapi wa kundi letu walikuwa wamewahi kuisikia? Niliuliza. Kimya, kisha mtu mmoja akatuma alama ya mikono iliyokunjwa kwa dua.

Vilivyorudi

Bangili zimerudi. Vitana vimerudi. Barua ilikuwa ya mstari mmoja na nusu, ikiwa na jina la mtu chini yake. Nimeamua kuamini ni mtu. Hereni bado, nadhani kwa kuwa ni ndogo mno hata kioo hakionyeshi vitundu. Vijiko vya saladi vilikataliwa tena, safari hii kwa sababu nyingine kabisa, inayohusu vyombo vya kugusa chakula, na hapo sina la kusema, huenda wana haki.

Maoni ya wateja yalirudi kwenye bangili, hayakurudi kwenye vitana. Duka limeshuka: ukitafuta "bangili" unapita kurasa nyingi ndipo umkute shangazi. Fundi alikuwa ameshakata vibao vya msimu, viko kwenye ndoo vikisubiri, na shangazi amemlipa nusu kwa M-Pesa ili asivunjike moyo.

Na onyo lingali pale. Bidhaa imerudishwa, lakini kwenye rekodi ya akaunti imeandikwa kwamba mwenye duka amewahi kukiuka kanuni ya wanyamapori. Kosa jingine, hata la vijiko, litahesabiwa juu ya hilo. Nimeandika tena, nikitaja kifungu cha 35 kwa nambari, na nimeomba mambo mawili: onyo lifutwe, na tuambiwe ni picha ipi iliyoanzisha yote. Hawajajibu. Wakijibu nitaweka hapa, wakinyamaza nitakwenda kwa Kamishna wa Kulinda Data na hilo pia nitaweka hapa.

Kwa sasa tumebadilisha picha ya kwanza ya kila tangazo. Ilikuwa bangili juu ya kanga nyekundu, picha niliyojivunia. Sasa ni mfupa uliokuzwa, vitundu vyote wazi, kusudi yeyote atakayekagua, mashine au mtu, avione kwanza. Si picha ya kupendeza. Juzi mteja wa Uholanzi ameuliza, kwa adabu sana, kama bangili zimetobolewa na wadudu, na shangazi ameniambia nimjibu kwamba hapana, ndivyo ng'ombe alivyo ndani, na kama hapendi, zipo za shanga tupu kwa bei nafuu zaidi.